Petulanti na Talanta

Kwenye bajaji ya kwenda Katonga nilikaa na mama mmoja aliyeshindwa kuficha furaha. "Mwalimu kasema mwanangu ni petulanti!" alimtangazia msichana aliyekaa katikati yetu. "Leo wakwe zangu wote wanakuja kumpongeza. Nafuata samaki, migebuka ya sherehe."

Msichana, anayesomea ualimu, alikohoa. "Dada, hilo neno la Kiingereza ni la mtoto anayedeka. Akinyimwa kitu ananuna."

"Mdogo wangu, lisikilize vizuri: petulanti, talanta. Hayo ni ndugu!"

"Si ndugu wala majirani. Limetoka kwenye Kilatini, na huko lilimaanisha utovu wa adabu."

"Kwani wewe Mlatini?"

Nilicheka mpaka dereva akageuka. Nina watoto watatu nyumbani. Tabia hiyo naijua bila kamusi.

"Haya, akikosa soda anafanyaje?" msichana aliuliza.

Mama alifikiri. "Anagaragara. Lakini kwa akili!"

Bajaji ilisimama sokoni. Mama akashuka, akajifunga kanga upya. "Sherehe iko palepale. Wakwe zangu hawajui Kiingereza."

"Na mwalimu je?" msichana aliuliza.

Mama, aliyekuwa ameanza kuondoka, alisimama ghafla. "Huyo ndiye nimempa kazi ya kutoa hotuba."