Nguzo Aliyoing'oa Ng'ombe

Mimi Verdiana nauza kahawa hapa Ihanda, mkabala na duka la Othman, na benchi langu lina miguu mitatu na tofali moja. Jumamosi hiyo kahawa ilinyweka kama maji, na hakuna aliyeisifia. Deodatus alikuwa amevaa koti la kuazima tangu asubuhi, anatoka jasho mpaka kwenye masikio. Kijana anamtaka Sperancia wa Kibingo, Sperancia naye anamtaka. Wiki iliyopita alipeleka mshenga, Mzee Bainomugisha, ambaye sisi tunamwita Pembe kwa sababu hana habari isiyo na ng'ombe ndani. Wakwe walimpokea, wakamlisha, halafu baba mtu akasema kwao binti haendi kwa mtu asiyejua njia. Akampa fumbo. Jibu lifike leo kabla ya saa kumi jioni. Lisipofika, kuna mshenga mwingine kutoka Nkwenda anakaribishwa kesho. Na hapo saa nane ilikuwa imeshapita.

— Hebu liseme tena, Mzee Pembe, nikamwambia. Na safari hii usiongeze ng'ombe.

— Ng'ombe yumo mwenyewe, sijamtia mimi. Sikilizeni. Msafiri anakwenda Kibingo kwa miguu, hajawahi kufika. Anakuta njia panda, barabara nne. Palikuwa na nguzo moja yenye vibao vinne vilivyopigiliwa misumari: Ihanda, Nyakasimbi, Nkwenda, Kibingo. Ng'ombe kajikuna mgongo hapo, nguzo imeng'oka, imelala majanini na vibao vyake vyote. Hakuna mtu wa kumuuliza. Simu hana. Atajuaje njia ya Kibingo bila kubahatisha?

— Rahisi! akasema Elipidius. Huyu ni dereva wa bodaboda, tunamwita Setilaiti, kwa majigambo yake kwamba hakuna kichochoro asichokijua Karagwe na Kyerwa. Aangalie alama za matairi. Barabara yenye matairi mengi ndiyo ya Kibingo.

— Kwa nini?

— Wasichana wazuri wako huko. Madereva wote tunapeleka abiria huko hata kama abiria hayupo.

— Wee Setilaiti, Deodatus akamwambia, hilo nikalisemee mbele ya baba mkwe?

Othman akakohoa. Othman ana duka, babu yake alitoka Pangani, na methali anazo gunia zima, ila anazitoa gizani, inayokuja mkononi ndiyo hiyo hiyo.

— Wahenga walisema, njia ya mwongo fupi. Basi achague iliyo fupi, atafika.

— Kwa hiyo wakwe zangu waongo?

— Sijasema hivyo. Mimi babu yangu alitoka Pangani mpaka huku bila kibao hata kimoja. Alifuata nyota.

— Huyu msafiri anatembea mchana, Othman, nikasema.

— Babu pia alitembea mchana.

— Nyota mchana?

— Babu alikuwa na macho!

Mawe, mama wee! Nilicheka nikamwaga kikombe kizima. Deodatus hakucheka. Alitazama saa kwenye simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena.

— Wazee, mimi naoa au naagwa?

— Tulia, mwanangu, akasema Pembe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Msafiri alale kifudifudi karibu na nguzo, atazame kwato. Amtafute yule ng'ombe.

— Nilijua tu, nikasema.

— Ng'ombe aliyevunja kitu cha watu hakai, anakimbilia kwao. Na ng'ombe wa Kibingo nawajua, wanajikuna upande wa kushoto.

— Na kama ni ng'ombe wa Nkwenda?

— Wa Nkwenda hawana nguvu ya kung'oa nguzo. Malisho yao mabaya.

Hapo ndipo kijiwe kikashika moto. Setilaiti akasema migomba ya Kibingo huinamia upande wa pili, msafiri atazame migomba. Pembe akamuuliza ni upande wa pili wa nini. Setilaiti akasema wa pili ni wa pili, asimchanganye. Othman akasimama kabisa, akapandisha suruali.

— Nimepata! Achome majani.

— Achome?

— Achome majani ya njia panda. Moshi ukipanda, watu wa Kibingo watakuja kuzima.

— Watampiga!

— Ndiyo nataka wampige! Watakaokuja kumpiga, aangalie wanatokea wapi. Huko ndiko Kibingo. Dawa ya moto ni moto.

— Baba mkwe atanipa mke kwa jibu hilo? Deodatus akaruka kutoka kwenye benchi, tofali likachomoka, Pembe akateleza na kikombe chake. Nyie mnacheka! Mimi nampenda yule binti. Nampenda, mnasikia? Miaka miwili nampelekea barua kwa mkono kwa sababu baba yake hataki kuona simu. Nikimkosa kwa ajili ya nguzo, nitang'oa kila nguzo Kagera nzima, na wala sitahitaji ng'ombe.

Nikainama, nikarudisha tofali chini ya benchi. 

Sasa, wakati huo wote palikuwa na binti wa kitenge cha kijani kando ya jiko langu, na kikapu mkononi. Alishuka kwenye bodaboda wakati wa habari za kwato. Nilimwona, Mungu anisamehe, na sikumsalimia. Kwetu mgeni hasimami. Anapewa kigoda, anapewa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, na kabla hajameza ya kwanza ameshaulizwa anatoka wapi. Siku hiyo nilimwacha amesimama kama mwavuli.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, subiri kidogo binti, Pembe akajibu huku akijipangusa kahawa. Tuko kwenye jambo zito.

— Nimelisikia. Naomba tu kuuliza. Huyo msafiri ametoka wapi?

Pembe, Setilaiti na Othman wakatazamana.

— Fumbo halikusema, akasema Setilaiti.

— Anakotoka kunatuhusu nini? akasema Othman. Sisi tunatafuta anakokwenda.

— Na yeye mwenyewe hajui alikotoka?

 Nilikuwa namimina, nikaacha kumimina. Deodatus akainama jikoni kwangu akachomoa kuni mbili, akazipanga msalaba juu ya mchanga.

— Anajua, akasema polepole. Mimi natoka Ihanda. Najua Ihanda iko nyuma yangu. Basi naisimamisha nguzo tena, kibao cha Ihanda nakielekeza nilikotoka…

Akazungusha kuni mpaka ncha moja ikalitazama duka la Othman.

— …na Kibingo hii hapa. Vibao vyote vimerudi mahali pake!

Jamani! Pembe alimkumbatia mpaka koti la watu likalia kwapani. Setilaiti alishawasha pikipiki, wote watatu wakapanda, magoti ya mshenga yananing'inia kama ya panzi. Othman akawapungia mikono miwili.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akapiga kelele.

Ndiyo methali yake ya kwanza kukaa mahali pake tangu nimjue, naye alikuwa anawaaga akina Deodatus. Kisha akarudi dukani akijisifu kwamba wazo la moto ndilo lililofungua akili za watu.

Nikatikisa birika. Tupu. Nikamvutia binti kigoda, nikamjazia kiganja akamwani, na aibu imenishika mpaka shingoni.

— Nisamehe, mwanangu. Hata sikukuuliza. Umetoka wapi?

Akatafuna, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kikapu chini.

— Kibingo. Naitwa Atwine, Sperancia ni dada yangu. Nimerudi juzi kutoka chuoni, ndiyo maana hawanijui. Dada aliniambia nifike tu hapa, nisiseme kitu. Watu wa Ihanda watakuuliza umetoka wapi, akasema, na wakishauliza watajisikia wenyewe.

Akafuta machozi kwa pindo la kitenge.

— Mama, nimesimama nusu saa!