Bango la Kamati

Mzee mstaafu wa posta alikuwa amefungua gazeti, lakini tangu basi liondoke stendi hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele, alikoketi mama wa kamati ya huduma ya kanisa, kapakata mfuko wa unga na bango lililokunjwa.

"Mama, na leo mtapiga picha?" aliuliza fundi mwashi aliyekaa kando ya mama huyo.

"Lazima, kaka. Jumapili waumini waone sadaka yao imefika wapi."

"Baba yangu mlimshikisha bango hilo kitandani, hata shati hana, kanisa zima likamwona. Sasa mkibisha hodi anatukataza kufungua. Na mimi kibarua kimeota nyasi. Tunalala njaa, mama."

Mama alikunja uso. "Mwezi tulioacha picha, vikapu vya sadaka vilirudi vitupu. Unataka tuwalishe wagonjwa maombi?"

"Walisheni, lakini msiwaaibishe!"

Mzee aligeuza ukurasa, maana msomaji asiyegeuza kurasa hushukiwa.

"Leo unakwenda kwa nani?" fundi alimuuliza mama.

"Kwa mzee aliyepooza, nyuma ya kiwanda cha matofali."

"Basi ndiye huyo baba yangu."

Basi lilisimama. Fundi aliutwaa mfuko, akautupia begani. "Unga nitakubebea. Hilo bango, shauri yako." Akashuka.

Mama alibaki mlangoni, bango kwapani, mguu mmoja kwenye ngazi. Kondakta aligonga bati. "Mama, unashuka au tunaondoka?"