Nafasi ya Kwanza Iachwe Tupu

Siku ile, chumbani kwa Papa Octave katika kambi ya zamani ya wafanyakazi ya Panda, walikuwapo Fidèle, mwanawe mkubwa; Christiane, bintiye; Orpha, mke wa Fidèle, na mtoto wake mgongoni; Mama Jessy, jirani wa mlango wa pili; na Éphraïm katekista, aliyekuja kumwombea mzee mgonjwa akaketi juu ya bidoni tupu la maji kwa kukosa kiti.

Fidèle na Christiane walikuwa hawajasalimiana tangu Jumatano ya Majivu. Christiane alikuwa amebandika kando ya bomba la lupango, ua wao na majirani, orodha ya zamu za kuteka maji. Fidèle akaichana mbele ya watu wote, akisema wapendanao hawahitaji orodha. Orpha, aliyelala na mmoja na kufua na mwingine, alitamani kitu kimoja tu: mzee asiondoke kabla wawili hawa hawajasemezana.

Mzee akakohoa.

"Sikilizeni, wanangu, maana pumzi yangu ni kama maji ya hapa kwetu, haitangazi saa ya kukatika. Baiskeli ni ya Fidèle. Pampu yake ni ya Christiane. Usinikunjie uso, Fidèle; siku tairi ikilegea utakumbuka dada yako anakaa wapi. Koti langu jeusi namwachia katekista, kwa sababu miaka kumi na miwili amelitazama kuliko anavyoitazama Biblia. Sasa bomba."

"Papa, orodha yangu ilikuwa..."

"Nyamaza, Christiane! Minye njo niko nakufa, haiko weye."

Mama Jessy akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Mwaka nilipochaguliwa kulinda bomba, mama yenu Delphine akiwa na mimba ya Fidèle, nilitoka kwenye mafungo ya parokia nimejaa upendo mpaka kooni, nikaichana orodha ya zamu niliyoikuta kwa mkono wangu huu, nikawaambia watu wapendane tu. Wakapendana! Maji yalifika saa kumi na moja alfajiri. 'Tangulia, mama.' 'Apana, tangulia weye, uko na batoto.' 'Minye? Nitatangulia namna gani mbele ya mukubwa?' Wanawake kumi na wawili, kila mmoja akiisukuma ndoo ya mwenzake mbele kwa mguu, kwa kuwa atakayeanza ataonekana hana adabu. Saa kumi na mbili maji yakakatika, ndoo zote kavu, na kabla ya jua kupanda wapendanao wale walikwisha kutukanana mpaka kwa mababu waliobaki Kasai. Basi nikaandika orodha kali kama ya jeshi. Wiki ya tatu mama yenu akajifungua, zamu yetu ilikuwa keshokutwa, na mimi mlinzi nikamnyima mke wangu ndoo moja. Sheria ni sheria, nilisema. Aliyekuosha, Fidèle, ni mama yake Mama Jessy, kwa maji aliyoyaweka ya kusonga bukari, ugali wa watoto wake. Nyumba yake ilikula mihogo mibichi siku hiyo, wala hawakunisema."

"Mama alitusimulia, Papa," Mama Jessy akasema polepole. "Alisema ile mihogo ilikuwa tamu."

Mzee akafumba macho. Orpha akamwona Christiane, yule mkali, akiuinua mto wa baba yake kwa mikono miwili; akamwona Fidèle, bila kumtazama dada yake, akisogeza kigoda nyuma yake ili aketi. Christiane akaketi.

"Upendo peke yake uliniachia ndoo kavu," mzee akaendelea, sauti imepungua. "Orodha peke yake ingenizikia mtoto. Christiane, iandike tena. Nafasi ya kwanza... iachwe tupu. Ni ya aliyejifungua, ni ya mgonjwa, ni ya mfiwa. Kila alfajiri Fidèle ataje jina... wewe uliandike. Kwa hiyo itawabidi... msemezane. Mungu awape maji. Awape na aibu kidogo... ya kutosha. Mtoto wa Orpha akue... ateke bila kugombana. Éphraïm..."

"Naam, Papa?"

"Koti... bado sijafa. Liache msumarini."

Ijumaa alfajiri Fidèle alitaja jina, Christiane akaliandika, na maji ya kwanza ya lupango yakaenda kuuosha mwili wa Papa Octave.