Kifuniko Kimoja Mbele ya Kingi Tatu

Pale Kikima, mbele ya kinu cha posho, kuna benchi ambayo yote ni mbao isipokuwa futi mbili za ufalme: ule mwisho unaogusa ukuta. Hapo mtu huegemeza mgongo. Sheria ya kijiwe ni kwamba hapo hukaa bingwa wa drafti, na wengine hukaa wima kama washtakiwa. Mulinge, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu, alikuwa ameegemea ukuta huo miaka tisa. Kasyoka, fundi wa nguo, aliuota huo ukuta. Cherehani ilikuwa imempinda mgongo kama ndoana. Na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na kingi tatu, kete zilizofika ng'ambo ya ubao, Mulinge kabakiwa na kete moja tu, kifuniko kimoja cha soda. Njia ilikuwa moja: asogeze, aliwe. Mulinge hakusogeza. Aliitisha kahawa ya pili, akavua miwani.

— Mnajua, drafti si mchezo. Ni sanaa.

— Sogeza, Profesa, Kasyoka akasema.

— Sanaa haisogezwi, mwaitu, mama yangu. Hutazamwa.

— Na Jumatatu uliponila mbili kwa mpigo ukarukaruka hapa kama mbuzi? Hiyo ilikuwa sanaa gani?

— Jumatatu nilikuwa sijakomaa.

Kasyoka aliwageukia wengine wawili apate mashahidi. Kosa. Redio, fundi wa viatu ambaye hajawahi kupata mtu wa kumzima, alikuwa tayari anameza mate.

— Hiyo maneno ni rahisi. Mchezo una refa. Kitu chochote hakina refa ni sanaa. Hapa refa ni nani?

— Hakuna, Kasyoka akasema.

— Umeona!

— Kwa hivyo ndoa pia ni sanaa?

— Yangu? Sanaa tupu. Hakuna mtu anaielewa.

Ngure, muuza misumari, waliyemwita Askofu kwa kupenda kufunga kila kikao, akainua kikombe.

— Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Profesa amekubali?

— Siwezi! Mulinge akasema.

— Basi si mshindani. Na kama si mshindani, ni nini? Ni msanii.

— Askofu, hiyo methali umeivalisha kinyume, Kasyoka akamwambia.

— Ngoja, Askofu akasema. Juzi kipa wetu alisimama dakika tisini, mpira haukumfikia, mikono kiunoni. Ile ni sanamu! Watu wametoka huko Mbooni kuja kuona sanamu.

— Na angeruka?

— Akidaka, mchezaji. Akikosa, hiyo ni ngoma.

— Aiya! Redio akapiga paja. Na punda wangu, yule hukwama katikati ya barabara magari yakimzunguka?

— Maonyesho, Askofu akaamua.

Mulinge alikuwa ameshanona kwa hoja hizi. Akanyoosha kidole juu ya ubao bila kuugusa.

— Tazameni hiki kifuniko. Peke yake, amezungukwa, na hajatetemeka. Kumla huyu ni kuharibu urithi wa taifa. Huyu ni wa kuhifadhiwa!

— Gundi ninayo, Redio akasema.

— Redio, thubutu!

Lakini Redio ni mtu wa mkono mwepesi. Kasyoka alipomshika mkono, vifuniko vyote vinne vilikuwa vimenasa kwenye gundi ya soli. Askofu akatoa msumari mfukoni, akaugonga ukutani kwa jiwe, na ubao ukaning'inia hapo, juu kabisa ya kichwa cha Mulinge. Mulinge akaegemea chini yake, macho nusu yamefumba, kama mtu aliyepewa shamba kwa hati. Kasyoka akatazama miaka mingine tisa ya kukaa wima ikikauka pamoja na ile gundi.

Hapo ndipo akapita Kaluki, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, na beseni la mahindi ya kusaga. Akasimama, akainamisha kichwa upande.

— Nzuri sana hii. Ni kazi ya nani?

Redio alifungua mdomo, hakukutoka kitu. Askofu akatafuta methali, akaikosa. Kama ni ya Mulinge, basi Mulinge ndiye aliyejitega mwenyewe, pande tatu. Kama si yake, kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyezisukuma zile kingi, moja baada ya nyingine, saa nzima.

— Hata jina halijaandikwa, Kaluki akasema. Msanii yuko hapa?

Kasyoka alichukua kikombe chake, akaenda akasimama kando ya ukuta, akangoja. Mulinge aliinua tako moja. Halafu, polepole, la pili.