Mstari wa Shahidi

Sogeeni, wanangu, mnisikilize bila kunikata, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kugombania. Jacomina, kaa kwenye kiti chenye mgongo. Mimba ya miezi minane haikalii kigoda. Lourens, vua kofia. Mama yako anakufa, lakini hapa si zizini.

Mali kwanza, ili msinisikilize huku mnagawana kimoyomoyo. Mashamba ya mizabibu hadi mtoni ni yako, Lourens, kwa kuwa umeyatolea jasho tangu baba yenu alipotutoka. Nyumba hii, na Biblia kubwa ya vifungo vya shaba, na karatasi iliyomo ndani yake, ni za Jacomina. Naam, Lourens, karatasi ile uliyoikuta humo mwezi uliopita ukanisihi niitie moto. Nilikuambia nitafikiri, na nimefikiri.

Mmekua mkiambiwa kwamba sisi ni uzao wa Aaltje Verschoor, yatima wa Kiholanzi aliyeshushwa melini hapa Rasi ya Tumaini Jema akiwa na sanduku moja na miaka kumi na saba, akaolewa na mkulima, akalifungua bonde hili. Kila mwaka tunampelekea maua kaburini, na mchungaji anamsifu utadhani walikula sahani moja. Mimi niliambiwa hivyo, nikawaambia nyinyi, na kwa ajili ya Aaltje huyo nilitembea shingo juu maisha yangu yote. Babu yangu ndiye aliyenakili ukoo wetu kutoka daftari la ubatizo, na katika daftari lile kila mtoto ana mstari wake: jina lake, wazazi wake, na mwishoni shahidi aliyesimama naye. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda mjini kutafuta mama yake Aaltje aliitwa nani, nimchongeshe jiweni, nikausoma mstari wetu kwa macho yangu, nikaunakili kwenye karatasi hiyo. Mtoto, Jacomina. Baba, hakuna. Mama, Rosetta wa Bengali, mtumwa. Shahidi, Aaltje Verschoor. Babu alimchukua shahidi akamfanya mama. Kama jicho lilimteleza au alilitelezesha mwenyewe, amekwenda nalo.

Aaltje hakuzaa. Baba wa mtoto msiniulize. Nyumba ya Aaltje, alimotumikishwa Rosetta, ilikuwa na mwanamume mmoja tu. Yule mtoto Aaltje alimlea kama wake, na sifa hiyo simnyimi. Lakini mwaka uliofuata, mumewe akiwa amekwisha kufa, Rosetta aliuzwa, na sahihi kwenye hati ya mauzo ni ya Aaltje yule yule. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi ya kumbukumbu nikalia, mpaka mzee mmoja mpita njia akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Na desturi yetu mnaijua: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mama yake. Mimi ni Rosetta, mama yangu Jacomina, bibi yangu Rosetta, hivyo hivyo hadi juu kabisa. Kama Aaltje ndiye angekuwa mzazi wetu, mjukuu wake wa kwanza angeitwa Aaltje. Katika ukoo huu hakuna aliyepata kuitwa Aaltje, hata kuku. Yule Jacomina wa kwanza alipojifungua binti, alikwenda naye kanisani, akamsimamisha Aaltje kuwa shahidi, na mbele yake, mbele ya watu wote, akalitaja jina la mwanamke aliyeuzwa. Sahihi ya Aaltje ya siku ile nimeiona, wanangu. Imepinda, na wino umemwagika.

Lourens, hofu yako naijua, wala siiti ujinga. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto ofisi ya serikali inayopanga watu kwa rangi iliwaandika upya kuwa si weupe, na watoto wao wakatolewa shuleni hata kengele haijalia. Ndiyo maana umemwambia dada yako amwite mtoto Aaltje, ili atakayekuja kuchimba asipate kamba ya kufuata. Lakini mkataa kwao mtumwa, mwanangu. Waliomwita Rosetta mtumwa ni wengine. Wewe unataka kujiita mwenyewe.

Nami sijitoi katika lawama. Nilirudi na karatasi hiyo nikanyamaza miaka mitatu, na muda wote huo Katriena, anayetupikia tangu wewe Lourens hujabaleghe, akaendelea kulia chakula chake nyuma ya nyumba. Juzi ndipo nilipomwambia aketi nami mezani. Akanitazama, akasema, "Bibi, kiti umekileta nimeshazoea kusimama." Akaenda zake kuosha sufuria. Ile nyumba anayolala, na bustani yake, ni vyake hadi kufa kwake. Sheria hairuhusi nimwandikie mtu wa rangi yake, basi nawaachia nyinyi ahadi, na ahadi ni deni.

Nipe maji, Jacomina. Kidogo tu... Inatosha.

Ukijaliwa mvulana, mwite upendavyo. Ukijaliwa binti, unajua. Na shahidi wake kanisani utakuwa wewe, Lourens. Usimtume mkeo, usisingizie mavuno. Dada yako atalitaja jina, nawe utasimama pale ulisikie, kisha utie sahihi. Sahihi ikipinda, iache ipinde. Mwangalie mwandishi pia, asije akakosea mstari.

Nizikeni kwa sanduku la mbao za hapa hapa. Msigombane. Mkigombana, mle kwanza, ndipo mgombane. Mungu awafunike, awape uzao wenye afya, awape... awape moyo wa kutazamana usoni. Niliyewakosea mnisamehe. Nyinyi hamjanikosea jambo ambalo sijalisahau.

Lourens, usitazame sakafu. Njoo huku, inama... Nitajie jina la mpwa wako. Wewe, si Jacomina. Nataka niondoke nikiwa nimelisikia kinywani mwako... Naona midomo inasogea, sauti siipati. Sema kwa nguvu, mwanangu. Hata walio nje wasikie.