Dada Sikio na Fundi wa Tangi

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja, hata nyinyi mliokuja kusikia tutasema nini.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa mama mshonaji na baba karani wa posta. Wageni wakishaaga, alimwigiza kila mmoja neno kwa neno, mpaka mama akawa anamtoa sebuleni kabla ya mazungumzo ya maana.

Alisoma sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, akahitimu isimu mwaka 1985. Baba alimuuliza kazi yake itakuwa nini. Akajibu, kusikiliza watu. Baba akasema hiyo hata paka wa jirani anaiweza.

Tarehe 6 Agosti 1988 aliolewa na shemeji yetu seremala. Shemeji husimulia kwamba siku moja ya uchumba aliambiwa, "Leo umesema kesho mara kumi na moja. Kwetu unakuja lini?" Alikwenda Jumamosi iliyofuata.

Kazi yake ilikuwa kuingia viwandani na maofisini, kurekodi watu wakizungumza kazini kwa ridhaa yao, kisha kulinganisha maneno yao na ripoti za wakubwa. Alitafuta yale ambayo wafanyakazi wanayajua na hayajaandikwa popote. Mwaka 2009 aliitwa na meneja wa kiwanda cha sabuni, na balaa lilianzia hapo. Akiingia kantini, vilisikika vijiko tu. Walimwita Dada Sikio, yaani sikio la meneja.

Kwenye ripoti, tangi la kuchemshia lilikuwa "sawa" kila wiki. Mafundi walilizungumzia kama mgonjwa: limeamka vibaya, linaguna, liacheni lipumue. Dada akaandika kwamba mafundi wana ujuzi ambao ofisi haina. Tangi likiguna, wao hulizima nusu saa lisije likapasuka. Aliwasilisha ripoti yake kwa meneja Ijumaa. Jumatatu fundi wa tangi akafukuzwa kwa kuzima mtambo bila kibali.

Mtaa mzima uliamini dada amemuuza. Tuseme kweli mbele ya jeneza hili: hata sisi nduguze tuliamini. Akija nyumbani tulibadilisha mazungumzo. Mdogo wake anayewasomea haya alikuwa akiuchungulia mkoba wake, asije akawa na kinasa sauti.

Novemba 2021 alianza kuugua figo. Akiwa wodini aliomba aletewe daftari la kiwandani. Humo hamna jina la mtu hata moja. Kila msemaji ameandikwa kwa kazi na zamu yake, kama alivyoandikwa kwenye ripoti.

"Nilidhani nimewaficha," alisema. "Fundi wa tangi, zamu ya asubuhi. Sikukumbuka kwamba alikuwa mmoja tu."

Mara tatu alikwenda kumwomba radhi, mara tatu akafungiwa mlango. Miaka yote hiyo kwetu hakueleza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu wanne na madaftari kumi na saba. La kiwandani aliagiza apewe fundi wa tangi, kwa kuwa maneno yaliyomo ni yake. Fundi, kama umekuja, liko kwa shemeji. Lisome, kisha uamue mwenyewe. Sisi tuliamua bila kusoma.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayenyamaza akiingia.