Vidonge Kumi na Saba vya Fundi Wandera

Benchi iliyo nje ya karakana za masanduku, Shauri Moyo, ina wenyewe, na saa tisa alasiri huwezi kuwakosa: Opicho, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kusukuma vitanda hospitalini miezi miwili mizima, Phares, aitwaye Bunge kwa ule mdomo wake, na Farid mwenye birika la kahawa. Mwisho wa benchi huachwa wazi. Alikuwa akikaa Saad hapo, kabla presha haijamlaza upande mmoja. Siku hiyo fundi Wandera alikuja na chupa ya dawa za presha, jasho linamtoka. Kesho yake ni kliniki, na yule sista siku hizi hakuulizi kama unameza. Anamwaga chupa mezani, anahesabu.

— Zinafaa kubaki mbili, Wandera alisema. Ziko kumi na tisa.

— Woi! Ulikuwa unafanya nini mwezi mzima? Farid akashangaa.

— Nameza siku kichwa kinauma. Kama hakiumi, nimeze ya nini?

— Meza zote saa hii, iishe, akasema Phares.

— Bunge, unataka tuchange ya jeneza? Opicho akamfokea. Mimi nimefanya hospitali! Hizo hesabu zinapelekwa Ulaya. Chupa ikijaa, wazungu wanafunga kliniki.

— Zimwage mtaroni, akasema Farid. Wagonjwa wote hapa humwaga. Umewahi kuona panya wa Shauri Moyo akianguka na presha?

Kwa kweli, hakuna aliyewahi kumwona. Phares akafunga vidonge kumi na saba kwenye gazeti, na Wandera akashusha pumzi. Chupa sasa ilikuwa na adabu.

Mama Mitchelle, aliyekuja kuchukua sanduku la shule la bintiye, alikuwa amesimama hapo akisikiza.

— Na mkono je, fundi? Utauacha nyumbani?

— Mkono gani, mama?

— Si ule sista hufunga kitambaa akapuliza? Akipata presha iko juu na dawa umemaliza, atakupa gani kali zaidi?

Opicho akachungulia ndani ya kikombe chake. Phares akakigeuzageuza kile kifurushi cha gazeti. Wandera akatazama ile nafasi ya Saad, na woga ukamshika, woga wa kweli.

— Bunge, nirudishie dawa zangu.

Akazirudisha zote chupani, ila moja.

— Farid, mimina.

— Kahawa imeisha, fundi.

— Basi nipe maji.

Akameza, wote wakimtazama koo.

— Kumi na nane, akasema Opicho.

— Najua, Daktari. Kesho nitamwambia sista hivyo hivyo, anitukane.